Hindi Moja Lililobaki Juu ya Moshi

Mwaka umepinduka, Baba, tangu ulipotuacha. Jembe lako bado limeegemea ukuta palepale ulipoliweka. Kitinda mimba wako alilijaribu, akalirudisha upesi: "Linajua mimi si yeye."

Majirani walikuita Ghala, maana aliyekosa mbegu aliujua mlango wa kubisha. Kila mavuno ulichagua mahindi bora, ukayafunga kwa maganda yake, ukayaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Hukuwahi kumpa mtu mbegu bila utani: "Chukua, jirani. Lakini ukizila, nitakuja kuvuna tumboni mwako!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nani angekula mbegu?

Sisi, Baba. Siku tuliyokuzika, waliokupenda walikuwa wengi kuliko chakula. Shangazi akaingia jikoni, akatazama juu.

"Wifi, haya mahindi vipi?"

Mama, macho yamevimba, hata hakuinua kichwa. "Chochote kilichopo, wifi. Pika."

Yakapukuchuliwa, yakachemshwa na maharage. Fundi baiskeli akaomba aongezewe, akawa anatafuna huku analia: "Matamu kama ya Ghala mwenyewe!" Ndiyo hayohayo, fundi.

Tulipozinduka, sufuria zilikuwa zimeshaoshwa. Tukazunguka kwa majirani. Nao hawakuwa na akiba. Wangewekaje mbegu, na wewe ulikuwepo? Shamba likalala. Magugu yamefika kiunoni, na hata njia uliyoikanyaga kila asubuhi hatuioni tena.

Limebaki hindi moja, lilijificha nyuma ya boriti. Mvua imeanza. Kaka anabembeleza, "Mama, tulipande." Mama amelikumbatia kifuani.

"Lisipoota je? Nitamzika mara ngapi?"

Tukilifukia, tunaogopa udongo. Tukiliacha, tunaogopa panya. Nawe uliyekuwa na neno kwa kila jambo, leo kimya.

Basi kumbuka ulichoapa. Tumezila mbegu zako, Baba, sote, hakuna wa kumsingizia. Matumbo ni haya hapa. Njoo uvune.

Tunaokulilia: mkeo, ambaye bado anakutengea kikombe, dada yako, ambaye tangu siku ile hapendi kusifiwa upishi, wanao, wakwe zako, wajukuu zako, na majirani wote wa Ghala.

Hatutakusahau kamwe. Mlango wa jikoni hatuufungi.