Viza ya Kupita

Kiranjeranje, Ijumaa usiku

"Mama, nitapita," ndivyo kaka yangu Hamisi alivyosema kabla ya safari. Mtu wa huku akisema atapita, ataingia, ataketi, atakula. Mama kabangua korosho mpaka vidole vimembabuka.

Leo kapiga simu, yuko Dar. Siku hizi ana uraia wa nje. "Viza yangu ni ya kupita tu, mama, hainiruhusu kutoka Dar. Kesho naunganisha ndege kurudi kwetu."

Kwetu! Na kazaliwa humu humu ninamoandikia.

Nilimwamini, mjinga mimi. Jioni nikaona kwenye simu picha alizoweka mkewe: wote wawili ufukweni Zanzibar, jana, wanacheka. Kwenda Zanzibar viza inaruhusu. Kuja kwa mama ndiyo...

Mama sijamwambia. Nitamwambiaje? Baada ya Isha nimemsikia kwenye mswala: "Ya Rabi, wasamehe hao watu wa viza. Hawakujua kuwa yule ni mwanangu."

Nimeitikia amina. Hao watu wa viza hawajatukosea kitu.