Mama Akiitwa, Aachwe Aende

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupunguzia makali. Sisi wazima. Mjukuu wako ameanza kucheka, tena anauchekea ukuta, mimi ananinunia.

Likizo ya uzazi imekwisha, nimerudi kiwandani kushona hata kidonda hakijafunga vizuri. Mtoto namwacha kwa jirani, yule tunayemwita Bibi Kelele. Ni mtu mwema, ila chumba ni kimoja na watoto wamebanana kama viazi kwenye gunia. Maziwa yananichuruzika nikiwa kwenye cherehani. Nitafanyaje?

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi na mgongo tumeshazoeana. Mwombe msimamizi akuruhusu mchana ukanyonyeshe. Kwani yeye hakuzaliwa na mwanamke? Nibusie huyo rafiki wa ukuta.

Mama yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Au mtoto amekuzidi ujanja? Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua kaka alishakufikishia habari. Mimi kalamu ilikuwa haishikiki.

Mtoto aliamka vizuri, homa ikampanda nikiwa kazini. Bibi Kelele hakuwa na wa kumwachia watoto wengine ampeleke hospitali, akatuma mtu getini aniite. Mlinzi akamwambia msimamizi. Msimamizi akajibu, "Kazi kwanza. Ataambiwa akitoka." Nilipotoka nilimkuta mwanangu amelegea mikononi mwa Bibi Kelele. Tulifika hospitali tumechelewa.

Majirani wananitaka nimshtaki bibi wa watu. Nimekataa. Watoto wote wale, na yeye mmoja.

Mimi na wenzangu tunapeleka maombi bungeni: likizo ya uzazi iongezwe, kila kiwanda kiwe na chumba cha watoto na walezi, na mama akiitwa, aachwe aende.

Binti yako

14 Juni

Mwanangu,

Pole. Pole, mama'ngu. Sina neno jingine, nimelitafuta sikulipata.

Hilo la bunge linanitia hofu. Wale ni wakubwa, watakutafuna na kazi yako. Lakini najua ukishaamua huambiliki. Basi nenda umekula, na usiwaangalie miguuni.

Mama yako

9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nilisimama mbele ya kamati ya bunge. Mheshimiwa mmoja akauliza, "Kama huna wa kukulelea, kwa nini ulizaa?" Watu wakacheka.

Nikamwambia, "Nilimzaa kwa sababu nilimtaka."

Hawakucheka tena. Nikawaeleza yote, hadi lile jibu la getini.

Binti yako

11 Februari

Mama,

Shikamoo. Asante kwa kuniombea.

Sheria imepita nusunusu. Likizo haikuongezwa, wanasema hakuna uwezo. Chumba cha watoto kimekubaliwa, na ruhusa ya kutoka mama akiitwa. Msimamizi ni yule yule. Siku hizi ananisalimia yeye kwanza, nami naitika.

Chumba kimefunguliwa leo. Wamempa kazi Bibi Kelele pamoja na walezi wengine wawili. Wenzangu walikuwa wananipita wakinong'ona, furaha wameifumbata. Mmoja, ambaye cherehani yake iko kando ya yangu, aliponiona akamfunika mtoto wake haraka kwa shuka, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Nikamwambia, "Mfunue nimwone."

Akamfunua. Nilimwangalia sana, Mama. Kisha kengele ikalia, nikaenda kushona.

Binti yako