Nilimwambia Niko "Engaged", Akanipa Hongera

Mpendwa Mama Apondi, naomba msaada, na tafadhali nijibu kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu mimi Wanja wa Yamumbi, miaka ishirini na saba, nimemfukuza mwanaume ninayempenda kwa neno moja la Kizungu na hata sikujua namfukuza.

Nauza katika duka la dawa za mifugo hapa Pioneer, na huyo mwanaume anaitwa Munene, anafuga ng'ombe kule Soy, na alikuwa akija kununua dawa ya kupe kila wiki mpaka nikaelewa kwamba hakuna ng'ombe mwenye kupe wengi hivyo, anakuja kuniona, na mimi pia roho yangu ilikuwa inamngoja, basi akaanza kuniandikia kwenye simu kwa Kizungu kizuri, akauliza kama tunaweza kunywa chai Jumapili, na Jumapili hiyo tulikuwa tunapanga duka upya, nikaona "busy" ni neno la kila mtu, nikakumbuka lile neno linalotokea kwenye mlango wa choo cha hoteli moja mjini mtu akiwa ndani, nikamwandikia, "I am engaged."

Akajibu, "Congratulations." Nikaona huyu anathamini mwanamke wa bidii, nikamshukuru. Akauliza siku kubwa ni lini, nikajua anauliza siku yetu ya wateja wengi, nikamwambia Ijumaa. Akauliza huyo mwenye bahati ni nani, nikadhani anamsifu mwajiri wangu kwa kupata mfanyakazi kama mimi, nikajibu, "Mzee Mburu." Hakurudi dukani tena.

Juzi mwenzangu wa kazi, Ikra, akasoma hizo meseji akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku. "Wallahi Wanja, umejioza mwenyewe, tena kwa boss!" Nilitaka kulia. Nikaharakisha kumwandikia Munene kwamba siko "engaged" tena, naye akajibu, "Pole sana, Mungu atakupa mwingine." Sasa nasikia Jumamosi wazee wake wanaenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana mwingine, Muthoni. Mama, nitumie neno gani la Kizungu ili anielewe?

Wanja wa Yamumbi

*

Wanja,

Pole. Hiyo itunze vizuri, sina nyingine.

Kizungu kimejaa maneno ya kumwambia mtu una kazi, na wewe ukaenda kuchukua la chooni. Neno lenyewe halina kosa. Mlangoni linasema kuna mtu ndani, kwenye simu linasema laini inatumika, kwa mwanamke linasema ameshachumbiwa. Ukiangalia sana ni habari moja: kuna mtu tayari, wewe zunguka. Munene alisoma, akazunguka. Ulitaka abishe hodi?

Tena ukamtajia bwana harusi! Mzee wa watu ana wajukuu, anauza dawa ya minyoo kwa amani, na huko Soy yuko kwenye orodha ya wachumba. Halafu ulipoona umeharibu, ukaandika kwamba uchumba umevunjika.

Na bado unaniomba neno lingine la Kizungu. Nikupe "free"? Atauliza kama cha bure ni wewe au ni chanjo. Habari za kupe mlizungumza kwa Kiswahili miezi yote hiyo na hakuna ng'ombe aliyekufa. Mapenzi ndiyo yakahitaji Kizungu?

Nisikilize sasa. Kesho asubuhi mwombe Mzee Mburu ruhusa, na umweleze sababu yote, kabla mkewe hajaelezwa na mteja. Nenda Soy. Simu mwachie Ikra, wewe na simu mmeshafanya ya kutosha. Simama mbele ya Munene umwambie, "Sijachumbiwa na mtu yeyote. Nilikuwa na kazi. Nakupenda." Maneno hayo hayana maana ya pili. Akisema moyo wake umeshahamia kwa Muthoni, mshukuru urudi Pioneer, utaumia lakini utapona, na huyo dada hajakukosea kitu, kwa hiyo usimguse. Ila nenda kabla ya Jumamosi, kwa sababu wazee wakishapokewa huko, hakuna kamusi itakayokusaidia.

Na siku Munene akikuvisha pete, mwandikie kila mtu kwenye simu yako kwamba uko "engaged", hata mimi niandikie. Mpaka siku hiyo, neno hilo lirudishe mlangoni ulikolitoa.