Kadi ya Thunderbolt Imekubali

Mama Gladness,

Ukirudi sokoni, usiizime kompyuta! Hata ikivuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Maharage nimeyaepua; yameungua kidogo, ni mimi. Nimekimbilia Igoma kwa Mwalimu Machibya kabla hajaipeleka kwaya studio nyingine, maana jana nilimwambia nimeshindwa, na simu yake haipatikani.

Wiki tatu nahangaika na kadi hii ya Thunderbolt, ya kuunganishia kisanduku cha kurekodia. Kompyuta nimeiunda mwenyewe, mfumo wa Mac ukakubali, lakini kisanduku hakionekani kwenye skrini. Kila siku nawasha kwanza, nangoja umeme utulie, ndipo nakichomeka, kama tunavyofanya na friji.

Leo asubuhi ukafuta vumbi, ukarudisha waya zote, hata wa kisanduku, kabla sijawasha. Nikakugombeza, ukatoka bila kuniaga. Nikawasha kwa hasira tu. Kisanduku hicho hapo! Kumbe kadi inataka kompyuta ikiwaka ikute kisanduku kimeshachomekwa.

~~Ila usiguse tena meza yangu.~~

Meza ifute utakavyo. Wanakwaya wakiniuliza fundi ni nani, nitawaonyesha mwenye kitambaa cha vumbi.

Baba Gladness