Kitambaa Juu ya Televisheni

Mama Adoch,

Chai iko kwenye chupa. Naenda lindo Lubaga. Usiguse televisheni, na watoto wasiisogelee. Plagi nimeitoa, lakini kioo chake bado kimeshika umeme. Mkono wangu wa kulia ni shahidi.

Leo asubuhi ililia tatatata, picha ikapotea, nikaifungua nyuma. Ikanirusha mpaka sakafuni. Nilipopata pumzi nikamulika tochi. Ule waya mnene mwekundu, unaopeleka umeme mkali kwenye kioo, umegandwa na uji wa muhogo! Ndio huo unaoutia kwenye kitambaa cha marehemu mama yako ili kisimame vizuri, halafu unakianika juu ya televisheni kikiwa kibichi, eti pana joto. Uji unadondoka ndani, umeme unaruka. Na mimi nimemgombeza Adoch bure kwamba anachezea vifungo. Mpe mkate wangu.

~~Kitambaa nimekitupa.~~

Hapana, ningekitupaje? Nimekitandaza kwenye kiti changu, kikauke hapo polepole. Usikiondoe. Jioni nitakaa sakafuni, nimeshapazoea.

Baba Adoch