Madaftari Mawili katika Kabati la Kioo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipofumba macho. Kengele ya shule bado inaning'inia pale pale ulipoipiga miaka thelathini ukiwa mwalimu mkuu, kabla hujaigeuza shule yako kuwa makumbusho ya mji wetu.

Ulikuwa mtu wa watu. Wageni uliwatembeza darasa kwa darasa, ukawaonyesha madawati yenye vishimo vya wino, mizani ya soko la zamani, picha za waliojenga daraja. Kila kitu ulikipa namba na kadi kwa mwandiko wako mzuri. Mwandiko, ulisema, ndio heshima ya mtu.

Namba 41 uliipenda kuliko zote: daftari la hesabu, mikasi myekundu ya makosa ukurasa mzima. Kadi ilisema, "Kazi ya mwanafunzi aliyerudia darasa la nne mara tatu." Jina hukuandika, ulikuwa mstaarabu. Ila mji mzima ulijua ni la binti yako wa pili, uliyembandika jina la Sifuri, na ambaye ndiye aliyefagia pale na kufuta kioo kile kila asubuhi. Wageni walicheka, naye akacheka nao, meno nje, roho ikimuuma.

Alikuomba mara moja tu. "Baba, nina watoto sasa. Liondoe."

Ukamjibu bila kuinua macho, "Historia haifichwi."

Kisha kiharusi kikakunyang'anya mkono wa kulia. Sifuri ndiye aliyekulisha, akakuogesha, akakununulia daftari ujifunze kuandika kwa kushoto kama daktari alivyoagiza. Miezi sita ulipigana na jina lako na hukuliweza. Herufi zilianguka, nyingine zikageuka nyuma mbele. Wiki ya mwisho ulimshika nguo.

"Lichome, mama. Wasilione."

Hukuwahi kumwita mama kabla ya siku hiyo. Akakufunika shuka vizuri. "Sawa, Baba," akasema.

Leo daftari lako ni namba 42, kabati lile lile. Kadi ameiandika mwenyewe, polepole, bila kosa: "Kazi ya mwalimu mkuu." Jina hakuandika. Naye ni mstaarabu.

Unakumbukwa na mjane wako anayeshika funguo za makumbusho, wanao watano, wajukuu, wanaokuja na darasa zima, na Sifuri, ambaye bado anafuta kioo.

Hutatutoka machoni daima, Baba, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, isipokuwa Jumatatu.