Kocha Asiyepuliza Filimbi

Kocha wangu mpendwa,

Uko hai! Acha niseme hilo kwanza, salamu zitafuata.

Unakumbuka chuo cha ualimu kwetu Kongo, pale Uvira, ulipotuundia timu yetu ya kwanza? Filimbi uliivaa shingoni kama pambo tu. Mtu akicheza rafu, ulisimama kimya, mikono nyuma, mpaka mwenyewe ainue mkono. Ndipo useme, "Kwisha. Tucheze." Tulifungwa mechi ngapi kwa sababu yako, mzee! Sisi tunainua mikono, wenzetu wanapiga penalti wakicheka.

Kisha ukaenda kusomea sheria, ukarudi hakimu. Vita vikaja. Wenye bunduki wakamleta mdogo wangu Elia, naye mchezaji wako, mbele yako, eti aliwaonyesha maadui njia. Walitaka umhukumu kifo. Nilikuwa benchi la nyuma. Uliwadai ushahidi, hawakuwa nao. Ukamgeukia yeye.

"Elia, kama ni we ulifanya, inua mukono."

Alikutazama, mikono chini. "Sikufanya, Kocha."

"Huyu namujua. Aende kwabo."

Kesho yake tuliikuta nyumba yako tupu, mlango umevunjwa. Tukakimbia, mwisho wake hapa kambini Dzaleka, Malawi. Mimi nashona, Elia anauza nyanya. Mpira hajaugusa tena. Watoto wakimwita, anasema mguu unamuuma. Mguu gani! Hata daktari hajauona ugonjwa wake.

Jana nilienda Lilongwe kununua nyuzi. Kwenye stendi ya mabasi nikakutana na mama wa kwetu, anaishi kambini Zambia, amekuja kumwona dada yake.

"Kwetu kule kuko muzee anafundisha batoto mupira," akanisimulia. "Mutoto akiangusha mwenzake, hapulizi filimbi. Anangojea mukono tu."

"Na akiinua?"

"Njo anasema, 'Kwisha. Tucheze.'"

Kocha, nilikaa palepale juu ya mzigo wa watu, nikalia kwa furaha. Kondakta alidhani nimeibiwa.

Nilipomweleza Elia, alisimama katikati ya nyanya zake, akainua mkono juu kabisa.

"Fote gani, ulikosa nini?" nikamuuliza.

"Nilizania Kocha alikufa juu ya kuniachilia mi. Njo maana mupira niliacha."

Nilitaka kumwambia lile neno lako, nikaona si langu kulisema. Mama yule anarudi Zambia na barua hii. Tafadhali mjibu Elia haraka, Kocha. Watoto wanamwita uwanjani, na mkono wake bado uko juu.

Akupendaye daima,
Beki wako wa kushoto